Fundi Anajibu: Giaboksi Imebadilishwa, Mishale Imepoteza Hesabu

Mwezi huu tumechagua barua tatu zinazohusu jambo ambalo limekuwa la kawaida katika gereji za Arusha na Moshi: giaboksi inabadilishwa, gari linatembea vizuri, lakini mishale ya dashibodi inaanza kusema mambo yasiyolingana na barabara. Barua ya kwanza tumeijibu kwa urefu kwa sababu mwandishi wake alifanya jambo ambalo wateja wachache hulifanya, yaani alipima kabla ya kulalamika.

SWALI: Ndugu Fundi, salaam. Ninamiliki Toyota Hilux Surf ya petroli yenye injini ya silinda nne, iliyokuja nchini ikiwa otomatiki. Ninabeba wageni kati ya Arusha na Karatu, na giaboksi ilipoanza kuteleza nilishauriwa nifunge ya manyuo, yaani ya kubadilisha gia kwa mkono. Fundi wangu alinunua giaboksi pamoja na transifa yake (kisanduku kinachogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma), kanyagio la klachi na dashibodi, vyote kutoka kwenye Surf nyingine ya manyuo yenye injini ya silinda sita iliyokuwa ikikatwa spea. Gari sasa linavuta vizuri na giaboksi haina kelele.

Tatizo ni mishale. Simu ikionyesha kilomita 80 kwa saa, mshale wa spidi unakaribia 100, ambapo zamani ulikuwa ukizidi simu kwa kilomita mbili au tatu tu. Nilipokwenda Moshi juzi, simu ilipotimiza kilomita 80 dashibodi ilikuwa imehesabu 96. Mshale wa mizunguko ya injini nao uko chini: gari likiunguruma bila kukanyagwa mafuta unaonyesha kama 500 ingawa injini haitetemeki, na nikiwa gia ya nne kwa kilomita 80 za simu unaonyesha juu kidogo ya 1,500. Taa ya injini inawaka muda wote. Fundi mmoja ananiambia ninunue dashibodi nyingine, mwingine anataka kuung'oa mshale wa spidi na kuurudisha nyuma kidogo. Dashibodi yangu ya zamani, ambayo tuliitoa kwa sababu ina herufi P, R, N na D, bado imo stoo. Nishike ushauri wa nani? – Msomaji, Sakina, Arusha.

JIBU: Ndugu yangu wa Sakina, usikubali mshale ung'olewe, na usitoe hata shilingi kununua dashibodi nyingine wakati ya kwako imo stoo. Namba ulizoandika zinatosha kuonyesha kwamba gari lako lina makosa mawili yasiyohusiana, ambayo yamekutana kwenye dashibodi kwa sababu ndipo yanapoonekana.

Mshale hauna akili ya kujua gari linakwenda kasi gani. Unasoma tu mapigo unayoletewa na waya. Mapigo ya spidi hutoka kwenye sensa ya mwendo, ambayo katika gari la magurudumu manne kama lako hukaa kwenye transifa, ikizungushwa na kigia kidogo cha nailoni. Mapigo ya mizunguko ya injini hayahusiani kabisa na giaboksi, kwa kuwa yanatoka kwenye mfumo wa kuwasha cheche. Kwa hiyo ulipobadilisha giaboksi na transifa uligusa njia ya kwanza, na ulipobadilisha dashibodi uligusa mwisho wa njia zote mbili. Fundi anayetafuta tiba moja ya mishale yote miwili atakuzungusha sana.

Nianze na mshale wa mizunguko, kwa sababu ndio wenye hatari. Injini ya petroli ya silinda nne hupiga cheche mbili kila inapozunguka mara moja, na ya silinda sita hupiga tatu. Dashibodi uliyofungiwa ilitengenezwa kwa injini ya silinda sita, na kwa hiyo kila ikipokea mapigo matatu inahesabu mzunguko mmoja. Injini yako inailetea mawili tu. Matokeo yake ni kwamba mshale unaonyesha theluthi mbili za ukweli: injini ikizunguka mara 750 kwa dakika unasoma 500, ikizunguka mara 3,000 unasoma 2,000. Ndiyo maana injini haitetemeki ingawa mshale unadai iko karibu kuzimika.

Tunaweza kuhakikisha jambo hili bila kufungua skrubu hata moja, na ninakuomba ufanye hivyo kwa sababu hesabu hii itakufaa kwa gari lolote utakalomiliki. Katika giaboksi nyingi za gia tano za magari yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma, gia ya nne ni ya moja kwa moja, maana yake injini na propela shafti (mhimili unaopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma) zinazunguka sawasawa. Kinachobaki kujua ni vitu viwili, yaani mzingo wa tairi na uwiano wa difu (propela huzunguka mara ngapi magurudumu yakizunguka mara moja). Weka alama ya chaki kwenye tairi na sakafuni, sukuma gari hadi alama irudi chini, kisha pima kwa futi kamba. Tairi ya 265/70R16, ambayo Surf nyingi huivaa, itakupa karibu mita 2.4, pungufu kidogo ya hesabu ya kwenye karatasi, kwa kuwa tairi hubonyea chini ya uzito wa gari. Kwa difu, weka vizuizi imara kwenye magurudumu ya mbele, toa hendi breki, weka gia huru, kisha nyanyua gurudumu moja tu la nyuma kwa jeki na kuweka stendi chini yake. Zungusha gurudumu hilo mara 20 huku mwenzako akihesabu mizunguko ya propela shafti. Kwa kuwa gurudumu la pili limetulia chini, mizunguko 20 ya moja ni sawa na 10 ya yote mawili. Propela ikizunguka mara 41, uwiano wa difu ni 4.1.

Tuchukulie umepata 4.1. Kilomita 80 kwa saa ni mita 1,333 kwa dakika. Ukigawa kwa 2.4 unapata mizunguko 556 ya gurudumu, na ukizidisha kwa 4.1 unapata kama 2,280 ya injini. Theluthi mbili za 2,280 ni 1,520. Wewe mwenyewe umeandika kwamba mshale unaonyesha juu kidogo ya 1,500. Sidhani kama kuna ushahidi mzuri kuliko huo, na umeupata kwa simu ukiwa safarini.

Nimesema kosa hili ni la hatari kwa sababu ya barabara yako ya kila siku. Unaposhuka kutoka Rhotia kwenda Mto wa Mbu ukiwa na wageni, unashika gia ya pili au ya tatu ili injini ikusaidie kulizuia gari, jambo ambalo ni sahihi na ni moja ya faida za manyuo. Lakini mshale ukikuambia 4,000, injini yako iko kwenye 6,000. Ukipanda, kompyuta ya injini hukata mafuta mizunguko ikizidi, na hivyo injini hujilinda yenyewe. Ukishuka, au ukirudisha gia kubwa hadi ndogo mno, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na hakuna kompyuta inayoweza kuyazuia. Hadi utakapotengeneza, soma mshale huo kisha ongeza nusu yake kichwani.

Tiba yake ni kurudisha dashibodi yako ya zamani. Herufi za P, R, N na D zitabaki gizani na hazitamdhuru mtu. Ninafahamu kwamba zinakera macho kwenye gari la manyuo, na fundi wako alikuwa na nia njema ya kutaka kazi ionekane kamili, lakini dashibodi hiyo ndiyo inayoelewa injini ya silinda nne. Ina jambo jingine jema: ndiyo yenye hesabu halali ya kilomita za gari lako. Andika kwenye daftari la gari tarehe na kilomita zilizosomwa siku dashibodi zilipobadilishwa na siku itakaporudishwa, ili atakayenunua gari hili baadaye asipokee hesabu ya gari lililokatwa spea.

Sasa spidi. Hapa ndipo ushauri wa kuurudisha nyuma mshale unapopotosha, na ningependa kila msomaji aelewe sababu. Kosa lako ni la uwiano. Kilomita 80 zimehesabiwa 96, ambayo ni 1.2, na ukikaribia 100 kwenye mshale wakati simu inasema 80 ni uwiano huohuo juu ya zile kilomita mbili tatu ulizozizoea. Ukiung'oa mshale na kuurudisha nyuma alama 20, utakuwa sahihi kwenye 80 peke yake. Kwenye 40 utakuwa umepunguza kupita kiasi, na utapita Usa River au Boma Ng'ombe ukiamini uko 50, kikomo cha maeneo ya makazi, kumbe umevuka 55 na tochi ya trafiki inakusubiri. Kihesabu kilomita nacho hakitabadilika hata kidogo, kwa sababu hakijui habari za mshale. Mafuta ya injini unayobadilisha kila kilomita 5,000 za dashibodi sasa hivi unayabadilisha baada ya kilomita 4,167 za kweli. Hiyo ni hasara ya fedha tu. Gari ambalo kosa lake liko upande wa pili huumiza injini.

Ninapokokotoa uwiano ninatumia kihesabu kilomita, si mshale. Watengenezaji huuachia mshale uzidi kidogo kwa makusudi. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 39, inayofuatwa na nchi nyingi, inakataza mshale kuonyesha pungufu ya kasi ya kweli, na inauruhusu kuzidi kwa sehemu ya kumi pamoja na kilomita nne: kwenye 80 ya kweli, mwisho ni 92. Zile kilomita mbili tatu za zamani zilikuwa kawaida kabisa, na usijaribu kuziondoa. Hiyo karibu 100 ya sasa imevuka mpaka.

Magari mengi ya Kijapani ya zama hizo yanafuata kipimo kimoja: kwa kasi ya kilomita 60 kwa saa, kinachoendesha spidomita huzunguka mara 637 kwa dakika. Kwa kuwa kilomita 60 kwa saa ni kilomita moja kwa dakika, ni sawa na kusema mizunguko 637 kwa kila kilomita, na sensa yenye mapigo manne kwa mzunguko itatoa mapigo 2,548. Kiwanda hufikia namba hiyo kwa kuchagua idadi ya meno ya kile kigia cha nailoni kulingana na difu na tairi za gari husika. Transifa uliyonunua ilichaguliwa kigia chake kwa difu na tairi za gari la silinda sita. Wewe umeifunga mbele ya difu yako na tairi zako, na kwa hiyo badala ya mizunguko 637 kwa kilomita sensa inapata kama 764.

Fuata utaratibu huu, na usiruke hatua. Rudisha kwanza dashibodi yako, kisha rudia safari ya kupimia ukiwa umezima na kuanzisha upya hesabu ya simu. Si lazima iwe ndefu. Kilomita 20 za barabara iliyonyooka zinatosha, na kipande cha kuanzia njia panda ya KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro) kuelekea Moshi ni kizuri kwa kazi hii. Uwiano ukirudi kuwa karibu na 1, kosa lote lilikuwa kwenye dashibodi ya kununua na kazi imekwisha. Ninaloliona kuwa na uwezekano mkubwa zaidi ni kwamba utabaki 1.2, na hapo ndipo utamwambia fundi afungue sensa kwenye transifa. Ni boliti moja tu, na mafuta yatakayomwagika ni kidogo, ingawa ni vizuri gari liwe mahali tambarare. Hesabu meno ya kigia, kisha zidisha kwa uwiano wako. Kikiwa na meno 25 unahitaji cha meno 30, kwa sababu meno yakiongezeka kigia huzunguka polepole. Kabla ya kwenda kwenye maduka ya spea, fungua transifa ya otomatiki uliyoitoa uhesabu kigia chake. Ukikuta kina meno unayoyahitaji, umepata jibu bila gharama.

Lakini kisilazimishwe. Kishikio kinachobeba kigia hutengenezwa kwa ukubwa maalumu, na kigia kipana kikisukumwa kwenye kishikio cha kigia chembamba kitabana meno na kusagika ndani ya siku chache, na unga wa nailoni utabaki ndani ya mafuta. Kihamishe pamoja na kishikio chake, na ukiona hakikai kwa urahisi, acha. Hapo utahitaji kiboksi kidogo cha umeme kinachokaa kati ya sensa na dashibodi na kubadilisha idadi ya mapigo. Kwa gari lako kitapangwa kwenye 0.833, yaani 80 kugawanywa kwa 96. Vinafanya kazi vizuri. Mimi huvipendekeza baada ya kigia kushindikana, kwa sababu kila kiungo cha waya unachoongeza ni mahali papya pa kuharibika.

Kuhusu taa ya injini, peleka gari likapimwe kabla ya mtu kukuuzia kitu. Katika Toyota nyingi za miaka ya 1990, sensa ya mwendo hupeleka mapigo kwenye dashibodi kwanza, na dashibodi ndiyo huyapeleka kwenye kompyuta ya injini. Mapigo yakikosekana, magari ya mfumo wa zamani hutoa kodi (namba ya hitilafu) 42 na ya mfumo wa baadaye hutoa P0500. Kwako mshale unatembea, kwa hiyo ninatarajia zaidi kodi za giaboksi ya otomatiki yenyewe, kama P0705 ya swichi ya nafasi ya gia au P0720 ya sensa ya shafti ya kutokea, kwa kuwa kompyuta yako bado inaitafuta giaboksi ambayo haipo. Tiba safi ni kompyuta ya gari la manyuo lenye injini ileile ya silinda nne, si ile ya silinda sita hata ukipewa bure. Gari litaendelea kutembea bila kufanya hivyo, lakini taa inayowaka muda wote itakuficha siku hitilafu ya kweli itakapotokea.

Kuna jambo moja ambalo hukuliuliza, nami siwezi kulinyamazia. Gari la otomatiki huzuia stata isipige mpaka gia iwe kwenye P au N. Baada ya kufunga manyuo, mafundi wengi huzikata waya mbili za swichi hiyo na kuzisokota pamoja, na tangu hapo gari hupiga stata likiwa kwenye gia yoyote. Mtoto akigeuza ufunguo, gari linaruka. Jaribu leo mahali pa wazi, mbele na nyuma pasiwe na mtu: kanyaga breki kwa nguvu, gia ikiwa huru, bila kukanyaga klachi, kisha geuza ufunguo. Stata ikipiga, waya hizo zimesokotwa. Mwambie fundi aziunganishe kwenye swichi ya kanyagio la klachi ulilonunua. Ni kazi ya nusu saa.

SWALI: Ndugu Fundi, pikapu yangu ya dizeli ni ya zamani na imekuwa ya manyuo tangu mwanzo. Inaniletea ndizi kutoka Kibosho. Giaboksi ilivunjika, tukafunga nyingine, na wakati huohuo tukabadilisha alternata iliyokuwa haichaji. Mshale wa spidi ulianza kuchezacheza, sasa umelala kabisa. Mshale wa mizunguko ya injini haujainuka tangu siku ile. Fundi anasema giaboksi ndiyo yenye kosa kwa yote mawili. – Mwalimu mstaafu, Pasua, Moshi.

JIBU: Mwalimu, shikamoo. Kwa spidi fundi wako yuko karibu na ukweli. Kwa mshale wa pili ameilaumu giaboksi bure.

Gari lako linatumia kebo. Ndani ya spidomita ya namna hiyo kuna sumaku inayozungushwa na kebo ndani ya kikombe cha alumini, na kikombe hicho huvutwa kuifuata sumaku huku springi nyembamba ikikizuia. Kebo ikizunguka kwa kushikashika, mshale hucheza. Toleo la kebo, yaani mahali inapotokea, kwenye giaboksi mpya huenda haliko pale lilipokuwa kwenye ya zamani, na kebo ikalazimika kupinda kwa kona kali, ikakauka, ikacheza, na mwishowe ikakatika. Ifungue upande wa giaboksi na uizungushe waya ya ndani kwa vidole. Mshale ukistuka, kebo ni nzima na tatizo ni kigia cha ndani kilicholika au kisichokuwepo kabisa, jambo ambalo hutokea kwa giaboksi za mtumba. Mshale usipostuka, nunua kebo, na uchague ndefu kidogo ili ipinde polepole. Ipake grisi kidogo tu, na uache sehemu ya juu karibu na dashibodi ikiwa kavu, kwa kuwa grisi hupanda na kuingia ndani ya mita. Ikishafanya kazi, ilinganishe na simu kama alivyofanya ndugu yetu wa Sakina, maana giaboksi hiyo nayo ilitoka kwenye gari lenye difu yake.

Mshale wa mizunguko una kisa kingine. Injini ya dizeli haina cheche za kuhesabu, na kwa hiyo katika magari mengi ya zamani ishara huchukuliwa kwenye pampu au kwenye alternata, mahali palipoandikwa W. Kwa kuwa mshale ulilala siku alternata ilipobadilishwa, angalia kama hiyo mpya ina toleo hilo na kama waya wake umerudishwa. Isipokuwa nalo, fundi wa alternata anaweza kuifungua, akalehemu waya kwenye mojawapo ya ncha za koili kabla ya dayodi na kuitoa nje kwa usalama. Jambo la pili ni puli. Kama puli mpya ina kipenyo cha milimita 60 na ya zamani ilikuwa na 66, alternata itazunguka kwa kasi zaidi na mshale utazidi kwa sehemu ya kumi. Hamisha puli ya zamani kama inaingia.

SWALI: Fundi, Corolla yangu ilibadilishwa kutoka otomatiki kwenda manyuo mwaka jana. Spidomita inafanya kazi kiangazi, mvua ikinyesha inakufa, kesho yake inafufuka. Nimeshanunua sensa mbili. – Msomaji, Usa River.

JIBU: Dada yangu, sensa zote mbili huenda ni nzima. Giaboksi ilipobadilishwa, pulagi ya sensa mpya pengine haikulingana na ya gari, fundi akakata waya na kuzisokota kwa teipu. Teipu chini ya boneti hulegea kwa joto na kuingiza maji. Muulize pia kama sensa zilikuwa na idadi sawa ya waya. Ya waya tatu inahitaji kupewa umeme na ethi (waya wa kurudisha umeme kwenye bodi), na waya wa tatu ndio wa ishara. Ya waya mbili huzalisha ishara yake yenyewe na haiwezi kuwekwa badala ya ile bila marekebisho. Gari lako hufanya kazi siku kavu, kwa hiyo ninaamini aina ni sahihi na viungo ndivyo vibovu.

Kabla ya kununua sensa ya tatu, mwambie fundi anyanyue gurudumu moja la mbele kwa jeki na stendi, aweke vizuizi nyuma, gia iwe huru na swichi iwe imewashwa bila injini kuunguruma. Apime kwanza kama waya wa umeme una volti za betri na kama ethi ni imara. Kisha mtu mmoja azungushe gurudumu polepole huku mwingine akisoma mita ya volti kwenye waya wa ishara: volti zinapaswa kupanda na kushuka kwa mpangilio. Wakati wanaendelea, viungo vinyunyiziwe maji kidogo na kutikiswa. Pale volti zitakapoganda ndipo pa kukata, kulehemu upya na kufunika kwa mrija wa plastiki unaonywea kwa joto, kisha waya zifungwe mbali na bomba la moshi.